Meneja Asimama

Jina lake halisi wateja walikwisha kulisahau. Walimwita Mama Sponji, maana kutwa alikata sponji na kuvisha makochi nguo mpya, na jioni alirudi nyumbani vipande vimemganda nywele nzima. Mlangoni mwa karakana yake alilala mbwa wake wa kahawia, Meneja. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kazi yoyote, ila kila aliyeingia alimkagua.

Miaka ikampitia Meneja. Macho yakaingia ukungu, masikio yakawa ya kuchagua: akiitwa hasikii, sufuria ikifunuliwa anasikia. Hayo Mama Sponji aliyacheka. Hadi asubuhi moja mbwa alipotaka kuinuka, miguu ya nyuma ikamgomea. Akajikokota kwa ile ya mbele, akaishia kizingitini, akajikojolea. Kisha akageuzia uso ukutani, kama mtu mzima aliyeaibika.

Dada mkubwa wa Mama Sponji, aliyeishi naye tangu wote wawili wawe wajane, akashika kiuno.

"Mdogo wangu, usijidanganye. Huyu kala chumvi ya kutosha. Mwache apumzike."

"Mwenyewe hajaomba likizo, dada."

Wakamsukuma kwa mkokoteni wa makochi hadi kwa daktari wa mifugo, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Daktari akampapasa mgongo, akambana kidole cha mguu wa nyuma. Meneja akaguna, akauvuta mguu kidogo.

"Hisia bado zipo," daktari akasema. "Viungo vimechakaa, lakini dawa itatuliza maumivu. Msimamishe, mkande, mtembeze kila siku, la sivyo misuli itakufa. Ikishindikana, tutazungumzia ile sindano ya mwisho. Sikufichi."

"Nimekusikia, daktari. Tutazungumza mengine."

Siku hiyo kochi la mteja lilisubiri. Mama Sponji alichukua mikanda ya kusukia viti, turubai na sponji laini, akamshonea Meneja mbeleko ya tumboni yenye vishikio juu. Ya kwanza ikamchubua mapaja. Ya pili ikateleza katikati ya barabara, mzee Meneja akabaki kainamisha pua kwenye vumbi. Mama Sponji akafumua, akashona tena, na safari hii ikamkaa kama suti.

Mtaa ukapata cha kucheka. "Mama Sponji, hilo begi lako linabweka?" muuza mkaa akamtania.

"Linabweka na kuuma. Sogea uone!"

Lakini mabega yalimuuma, na mbwa akawa anaanguka tu. Ukafika wakati Meneja akakataa hata chakula. Mama Sponji akakaa sakafuni akimlisha kwa kiganja, kisha akafukia uso kwenye sponji alie asisikike.

Dada alisikia. Kesho yake Mama Sponji alimkuta nje kashika vishikio vya mbeleko, magoti yake mwenyewe kayafunga bendeji, yeye na mbwa wote wakichechemea.

"Usinitazame hivyo," dada akasema. "Na mimi nimeambiwa nitembee. Bora nitembee na mgonjwa mwenzangu."

Wakapokezana hivyo, asubuhi baada ya asubuhi. Kisha akaja msoma mita wa umeme, adui wa Meneja tangu utotoni. Mama Sponji alikuwa na misumari mdomoni, akipigilia kiti. Meneja akanusa hewa. Akakita miguu ya mbele. Makalio yakaanza kutetemeka, yakapanda. Dada akanyoosha mkono amdake.

"Usimshike!" Misumari ikamwagika sakafuni.

Meneja akasimama. Miguu yote minne, akiyumba kama kiti ambacho gundi haijakauka, akabweka hadi mabati yakaitika. Msoma mita, badala ya kukimbia, akatupa mkoba wake na kupiga makofi.

"Bosi karudi kazini!"

Dada akapiga vigelegele. Muuza mkaa akaja mbio na vidole vyeusi. Mama Sponji alicheka huku machozi yanamtiririka, akirudia neno moja tu: "Hayawi hayawi, yamekuwa!"

Uzee haukumwacha Meneja. Asubuhi za baridi bado alihitaji mbeleko, na dawa hakuacha. Ila alikwenda karakana kwa miguu yake, mbele ya mabibi wawili, na daktari akaanza kuwatuma kwa Mama Sponji wenye mbwa wengine waliolegea viuno, washonewe mbeleko. Mvua zikaja na kwenda, Meneja akanenepa, ikabidi daktari aagize apunguziwe chakula. Hivyo vikawa vita vipya, na dada, aliyeketi mezani karibu naye kuliko wote, alishindwa kila siku kumnyima tonge.