Gundi kwenye Gitaa la Baba

Mwanangu, siku niliyomharibia baba yangu gitaa naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Mume wangu akisikia hivi atanuna, lakini ukweli ndio huo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina mwaka mmoja tu kwenye kibanda cha ufundi wa vyombo vya muziki pale Mengo, Kampala, na tayari najiona nimefika. Kaa basi nikueleze, maana jana nimekuona ukifungua redio ya mteja kabla hujamuuliza ina shida gani, na roho ikaniruka.

Baba yangu alikuwa polisi, lakini polisi wa bendi. Yeye ni mtu wa kaskazini, Mkatoliki; mama yangu ni Mwislamu wa hapa hapa mjini. Nyumbani tulikutana katikati, kwenye Kiswahili cha kambi ya polisi, kile ambacho watu wa pwani wakikisikia wanashika kichwa. Gitaa lake lilikuwa la umeme, tena la zamani hata kwa wakati huo. Si gitaa bapa kama haya unayoyajua. Lilikuwa na kifua kilichobinuka kama cha fidla, na matundu mawili marefu kushoto na kulia. Alilinunua kwa mwanamuziki Mkongomani aliyekuwa anarudi kwao, na kwa miaka mingi alilipiga kwenye dansi za maafande na harusi za askari.

Alipostaafu akapata kazi ya kulinda ghala moja kule Nakawa, na gitaa likalala kwenye gunia chini ya kitanda. Shingo ilikuwa imeachia, waya wa ndani umekatika, mende wamezaana humo mpaka wajukuu. Miaka kumi na moja hakuligusa, na sisi tulijua kutolizungumzia.

Halafu wenzake wa bendi wakaleta habari. Jumapili mchana wangekutana kwenye hoteli moja ya Kabalagala kumuaga mpiga tromboni wao, aliyekuwa anahamia kijijini kwao moja kwa moja. Wangepiga nyimbo zote za zamani. Baba akasema atakwenda. "Mimi nitakaa nyuma, nitapiga makofi," akamwambia mama. Alisema kwa kucheka, lakini mimi nilimwona anavyoangalia vidole vyake. Nikaapa moyoni kwamba Jumapili ile baba yangu hatapiga makofi, atapiga gitaa.

Sasa nikutajie bwana wangu wa kazi, Mzee Abdalla, Mungu amrehemu. Ukoo wake ulikuja Kampala na biashara kutoka pwani, zamani za mababu, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alikuwa na desturi moja. Ukimletea chombo, hakifungui. Anakupa kiti, anakuwekea chombo chako mapajani, anakwambia, "Nioneshe." Kama hakilii kabisa, basi umweleze kilivyokuwa kinalia, hata kwa mdomo. Nimewahi kuona mchungaji mzima akiimba "ting, ting" mbele ya kibanda chetu watu wanapita! Wengine walikasirika. "Mzee, nimekuletea utengeneze, siyo unihoji!" Yeye anatabasamu tu. Mimi kimoyomoyo nilikuwa upande wa wale waliokasirika. Niliona wakati unapotea bure.

Wiki hiyo Mzee alisafiri kwenda msibani Jinja, akaniachia funguo. Ndiyo nafasi yangu! Nikatoa gunia chini ya kitanda baba akiwa zamu, nikapanda nalo Mengo. Sikumwambia mtu. Nilitaka aamke siku moja akute gitaa lake zima, apige ukelele.

Na kazi niliifanya, mwanangu, sikufichi. Shingo niliirudisha, ikakaa. Waya niliulehemu, nikalichomeka kwenye amplifaya, likavuma. Vile vifundo vya kukazia nyuzi niliviwekea mafuta ya cherehani vikazunguka laini. Lakini nilipofungua nyuzi zote kwa mpigo mmoja, kile kipande cha mbao kinachozibeba katikati ya kifua, sisi tunakiita daraja, kikaanguka mezani chenyewe. Nikasema, banange, jamani, kumbe na hiki kimebanduka!

Mwaka mzima nilikuwa natengeneza magitaa ya kwaya za makanisani. Kwenye magitaa yale daraja limegandishwa; likibanduka, unaligandisha tena. Basi nikaleta gundi nyeupe ya maseremala. Kabla ya kupaka, nikasugua kifua chote kwa kitambaa na mafuta mpaka nikajiona uso wangu. Palikuwa na alama mbili ndogo za penseli pale daraja lilipokuwa limesimama. Niliziona uchafu, nikazifuta, tena kwa bidii. Nikakadiria kwa macho, nikagandisha, nikabana, nikaenda kula rolex yangu, chapati ya kuviringishia mayai, kwa raha zangu.

Jumatano jioni nikamwekea baba gitaa mapajani. Eee, ungemwona! Aligusa matundu yale kwanza, halafu shingo. Akapiga nyuzi tupu zote sita, bila kuzibana. Zilikuwa sawasawa kabisa. Mama akatoka jikoni na unga mikononi. Baba akafumba macho, akapeleka vidole juu kwenye shingo, kule kwenye utamu wa nyimbo zao, na gitaa likatoa sauti iliyopotoka. Akajaribu tena, polepole. Ikapotoka tena. Kila alivyozidi kupanda ndivyo ilivyozidi kuharibika.

Angenigombeza ningeshukuru. Hakunigombeza. "Imependeza sana, binti yangu," akasema. "Imeng'aa." Akalirudisha kwenye gunia taratibu, akaomba chai.

Asubuhi nikafika Mengo kabla ya Mzee Abdalla, ambaye alikuwa amerudi. Nikaweka gitaa mezani. Aliligusa daraja kwa kidole kimoja, likakataa kutikisika, akaelewa yote.

"Binti, gitaa la namna hii daraja lake haligandishwi," akasema. "Linasimama kwa mkazo wa nyuzi peke yake, ili mtu alisogeze mpaka apate mahali pake hasa. Likiwa nje hata kidogo tu, sauti za juu zote ni uongo. Baba yako hakuwa na alama zake?"

"Zilikuwepo, Mzee. Nilizifuta."

"Ulimuuliza?"

"Nilitaka kumshtukiza."

"Ulitaka kumshtukiza, au ulitaka usifiwe?"

Nikaanza kulia pale pale. Mzee akanivumilia kidogo, kisha akasema, "Haya, machozi hayalainishi gundi. Chemsha maji."

Nililainisha gundi ile kuanzia asubuhi hadi adhana ya alasiri. Kisu chembamba cha siagi kwenye maji moto, tone la siki, unakipenyeza chini ya daraja upana wa unywele, unangoja, unakirudisha kwenye maji. Ukilazimisha, unachuna kifua cha gitaa pamoja na gundi. Mgongo uliniuma, vidole vikaungua, na Mzee hakunipokea kisu hata mara moja. Daraja lilipoachia nilipiga kelele mpaka muuza viatu wa jirani akachungulia.

Nikamwomba Mzee aliweke yeye, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshajiogopa. Akakataa. "Sikio la gitaa hili ni la baba yako. Nenda kamwite. Na umwambie ulichofanya, chote, hata habari za penseli."

Nikachukua boda mpaka Nakawa. Baba alikuwa getini na sare yake ya ulinzi, anaandika namba za lori. Nikamweleza nimesimama wima kama mshtakiwa: gundi, kitambaa, alama, yote. Akamaliza kuandika namba, akaliingiza lori. Kisha akaniangalia.

"Mende walikaa ndani miaka kumi na moja," akasema, "na alama yangu hawakugusa. Wewe siku moja tu!"

Akacheka, na mimi nikacheka huku nalia, na dereva wa lori naye akacheka bila kujua kwa nini. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, akaja Mengo. Mzee Abdalla akampa kiti, akamwekea gitaa mapajani, akasema, "Afande, tuoneshe." Baba akanionesha. Unagusa uzi kwa juu juu tu, katikati ya urefu wake, unapiga, unasikia mlio kama wa kengele. Halafu unaubana pale pale kwenye shingo, unapiga tena. Milio miwili ikilingana, daraja liko nyumbani. Mlio wa kubana ukipanda, unalirudisha daraja nyuma, mbali na shingo. Ukishuka, unalisogeza mbele. Yeye alisikiliza, mimi nikasogeza. "Nyuma. Nyuma kidogo. Umepita, wewe! Hapo." Tulipomaliza nikamletea penseli mwenyewe, akaandika alama zake.

Jumapili hoteli ilijaa mpaka nje. Wazee wa bendi walikuja na suti za zamani, wake zao wamependeza, na wapita njia wa Kabalagala wakaanza kusimama mlangoni. Baba hakukaa nyuma. Alikaa mbele, na wimbo wa kwanza tu ulipofika kwenye sehemu yake ya gitaa, vidole vikapanda juu kabisa kwenye shingo na sauti ikatoka safi, tamu, nono! Watu wakainuka. Mama yangu, mwanamke wa heshima zake, alitupa kitenge begani akaingia uwanjani peke yake. Nilijivuna, mwanangu, kwa nini nikudanganye? Nilijivuna mpaka nikasahau kukaa.

Wimbo wa tatu, yule mzee wa tromboni akazidiwa na furaha, akamkumbatia baba kutoka ubavuni na chombo chake mkononi, na tromboni ikagonga daraja. Baba akapiga mara moja, sauti ikapotoka. Akanyanyua mkono, bendi ikanyamaza. Ukumbi mzima ukamwangalia yeye, na yeye akatafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Njoo," akasema. Akanipa gitaa, akakunja mikono.

Nilidhani atasikiliza yeye. Hakusikiliza, aligeuka akaanza kuongea na mpiga ngoma. Nikapiga magoti mbele ya watu wote wale, nikainamisha sikio kwenye matundu. Kengele, kisha kubana. Kengele, kisha kubana. Kidole gumba changu kikasukuma daraja nyuma kidogo, kidogo tena, na milio miwili ikawa mmoja. Sikuangalia alama za penseli. Nilisikia, mwanangu. Nilisikia mwenyewe!

Nikamrudishia. Hakulijaribu hata. Alihesabu, bendi ikaingia, akapanda moja kwa moja kule juu, na ukumbi ukalipuka. Katikati ya wimbo akasogeza mdomo kwenye maikrofoni, akanielekezea kidole. "Gitaa hii iko na fundi," akasema kwa kile Kiswahili chetu cha kambi. "Ile pale. Fundi yangu!" Hakusema mtoto wangu. Jumatatu kulikuwa na magitaa manne yananingoja Mengo, na wenye nayo wote walimuulizia fundi wa kike.

Basi nakuusia hivi. Chombo cha mtu, shauri la mtu, hata ugomvi wa mtu, usiufungue kabla hujamwekea mwenyewe kiti na kumsikiliza. Ukiona alama usiyoielewa, usiifute, uliza aliyeiweka. Na ukikosea, maana utakosea, usikae na kosa lako likakauka. Kaseme siku ile ile, kisha chemsha maji uanze kuling'oa kwa mikono yako, bila papara. Ningeona haya kwenda Nakawa, baba yangu angepiga makofi Jumapili ile, na mimi nisingekuwa fundi wa mtu yeyote.

Mungu akupe sikio la kutangulia mkono wako. Akupe bwana wa kazi atakayekunyima msaada siku inayofaa, na siku moja, mbele ya watu, mtu unayempenda akukabidhi kitu chake akugeuzie mgongo bila wasiwasi. Amina. Sasa kamwite mwenye ile redio.