Kidude cha Injini na Arobaini ya Shemeji

Siku hiyo uani kwangu Lisekese, Masasi, tulikuwa watu wanne. Mimi mwenye ua. Binti yangu wa tatu, muuguzi, aliyekuja na mumewe kunichukua. Mumewe huyo, mkwe wangu, mwalimu wa fizikia, Msukuma, aliyeletwa kusini na kazi akaoa kusini. Na mtani wangu, mzee fundi cherehani wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za babu zetu, kiasi kwamba hata mtoto wao aliye tumboni ana haki ya kutukebehi. Wa tano hakuwapo uani. Alikuwa juu Newala, dada yangu mkubwa, na yeye ndiye sababu ya hadithi yote.

Majina yao ninayo, na majina ya baba zao, na ya wakunga waliowapokea. Siyaandiki. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, lakini inanitosha kujua kwamba jina likishawekwa kwenye karatasi halirudi mdomoni, na watu hawa bado ninakula nao.

Mume wa dada alikuwa amefariki. Siku ya maziko nilitaka kupanda basi la asubuhi. Mkwe akasema kupitia kwa mke wake, "Mama hapandi basi wakati gari lipo." Basi nikangoja gari. Gari likatufikisha katikati ya mlima wa kupandia Newala, likazima. Likapoa, likawaka, likajikongoja kidogo, likazima tena. Tulipofika, kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji. Dada hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kujitetea. Aliniangalia tu akasema, "Karibu, mgeni." Nimezaliwa naye tumbo moja, tumelala mkeka mmoja mpaka alipoolewa, akaniita mgeni mbele ya wifi zake.

Kwa hiyo arobaini sikuwa na ruhusa ya kuikosa. Kuikosa arobaini baada ya kukosa maziko, kule Newala ningekuwa nimezikwa mimi.

Fundi mmoja wa Masasi mjini alilipima lile gari kwa mashine yake akasema ugonjwa ni sensa, kidude kinachoiambia injini shafti imezunguka kiasi gani. Kikiwa baridi kinafanya kazi. Kikipata moto kinanyamaza, na injini nayo inakata roho. Fundi akasema, "Niachie gari, jioni uje." Lakini mkwe wangu si mtu wa kumwachia fundi. Fundi kaishia darasa la saba, yeye ana digrii. Akanunua kidude kipya, akatazama video kwenye simu yake, akaja kukifunga uani kwangu siku moja kabla ya arobaini, mimi nikiwa nachambua mchele wa kwenda nao.

Hapa lazima nieleze ukwe wetu, maana bila hivyo mtaniona mjinga mapema kuliko inavyostahili. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawazoeani. Kwao Usukumani ni zaidi, nasikia mkwe hata mkeka wa mama mkwe haukanyagi. Tukakutana mimi na yeye, heshima mbili zimerundikwa pamoja. Miaka kumi na moja ananiamkia akiwa amegeuza uso upande, "Shikamoo mama," nami naitikia, "Marahaba," nikiangalia kuku. Basi. Mengine yote yanapita kwa binti yangu. Sikuwahi kumwambia mkwe hata kwamba amekanyaga mchele.

Akatandaza shuka kuukuu chini, akajilaza ubavu, akaingiza mkono chini ya injini. Mtani akavuta kigoda akakaa karibu, maana pale penye mtu wa kuchekwa hakosi.

"Mwalimu, gari hili ulilinunua au ulilirithi?"

"Nililinunua, mzee."

"Basi aliyekuuzia alikuwa mtani wako."

Mkwe akacheka kwa adabu. Akakitoa kidude kibovu, cheusi kwa masizi na mafuta. Angekitupa palepale, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini mwalimu ni mwalimu. Akakiosha kwa petroli, akakisugua kwa mswaki mpaka kikang'aa, ili amwonyeshe mtani umbo lake. Akakiweka kwenye sinia langu, kando ya kipya. Vilifanana kama mapacha. Tofauti ilikuwa shingoni tu: kipya kilikuwa na pete ya mpira mwekundu, cha zamani ya mpira mweusi. Hilo niliona kwa sababu nilikuwa nachambua mchele, na mchambua mchele haangalii kitu kingine isipokuwa tofauti ndogo.

Mtani naye akafanya ya watani. Akakinyakua kile kipya, akakitia mfukoni mwa kanzu.

"Nimekamata! Kidude hiki changu mpaka nikombolewe. Nataka jogoo, tena awe anawika."

"Mzee, tafadhali, kile ni kifaa cha umeme," mkwe akasema toka chini. "Kisishikwe na mikono michafu."

"Mikono hii inashona suruali za mkuu wako wa shule. Jogoo!"

Kwetu mtani akikamata kitu humpokonyi. Unamkomboa. Binti yangu akatoka jikoni na bakuli la ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ambayo mtani akiiona husahau hata swala.

"Jogoo hakuna, mtani. Kuna hii."

"Ina chumvi?"

"Ina chumvi."

Akala. Aliposhiba akajipangusa mikono kwenye kanzu, akarudisha kidude kwenye sinia, si pale alipokitoa. Halafu akakishika na kile kingine, akavipima uzito kimoja kila mkono, akavirudisha tena. Muda wote huo mkwe alikuwa anafundisha. "Ndani humu mna sumaku, mzee. Jino la gurudumu likipita mbele ya sumaku, umeme unazaliwa." Kama vile mtani ana mtihani wa kidato cha nne. Akiwa bado anafundisha, macho yako kwenye injini, akanyoosha mkono kwenye sinia akachukua.

Akachukua chenye mpira mweusi.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Ningemtazamaje mkwe, amelala ubavu, shati limepanda mgongoni, halafu nianze kumwelekeza? Akakaza bolti. Akachomeka waya. Akaingia garini akawasha, na gari likawaka mara moja, likanguruma vizuri kabisa. Kwa nini lisiwake? Lilikuwa baridi. Mkwe akajipiga picha na injini yake, tabasamu mpaka masikioni, akakitupa kidude kipya kwenye kopo la takataka, akaenda kuoga.

Nikakiokota. Nikamwita binti yangu, nikamwonyesha, nikamweleza. Akaenda nyuma ya ukuta wa bafu.

"Baba watoto, mama anasema umefunga kile kibovu."

Nikasikia maji yanasimama. Nikasikia kicheko.

"Mwambie mama ahsante kwa kutuombea dua. Kibovu kingewashaje gari?"

Digrii ile. Fundi wa darasa la saba alishamwambia kwamba kikiwa baridi kinafanya kazi.

Nikamwendea mtani, maana yeye ana ruhusa ya kumwambia mtu lolote na asichukiwe. Nikamwambia, "Kamwambie. Wewe ndiye uliyevichanganya."

"Ndiyo maana siendi," akasema. "Kesho nami nataka lifti, bibi. Unataka nipande mlima kwa miguu?"

Sasa niseme na langu, nisije nikaonekana malaika. Ningeweza kushupaa. Ningeweza kumwambia binti yangu nakwenda na basi, na kama wangekataa ningetoka alfajiri na kikapu changu. Lakini kicheko kile cha bafuni kilikuwa hakijanitoka masikioni. Nilitaka gari lizime. Nilitaka lizime mbele ya mke wake na mbele ya mtani, nami niwe nimekaa nyuma, mikono mapajani, mwanamke asiyejua fizikia. Nikakitia kidude kipya kwenye mkoba, nikanyamaza usiku kucha na njia nzima.

Njiani mkwe alikuwa na furaha, akimweleza mtani namna mafundi wanavyowaibia watu wasiosoma. Mtani anaitikia, "Kweli, mwalimu, kweli," na kila akiitikia ananitupia jicho. Tukaanza kupanda. Kona ya kwanza, ya pili. Injini ikashika moto. Kona ya tatu gari likakohoa mara moja likazima, hatua chache kutoka pale lilipozimia siku ya maziko.

Mkwe akashuka akafungua boneti. Akatikisa waya. Akatazama simu, mtandao hakuna. "Ni mafuta," akatangaza. "Haya mafuta yamechanganywa."

"Mwalimu," mtani akasema, "hiyo fizikia unaifundisha au unasimuliwa?"

Ndipo basi nililotaka kulipanda likatupita. Dirishani alikuwamo mama mmoja wa sokoni Masasi, tunajuana, naye anakwenda arobaini ileile. Akanipungia mkono. Nilimwona mpaka alipoishia konani, mkono wake bado uko nje.

Raha yangu yote ikaniishia pale. Hitima ilikuwa baada ya adhuhuri, na jua lilikuwa limeshafika utosini. Nilikuwa nimelala na ushindi wangu mkobani, nikiupapasa, na sikufikiria hata mara moja kwamba gari likizima kwa mkwe linazima na kwangu. Dada yangu alikuwa amekaa ndani, eda imemfunga, anasikiliza kila anayeingia mlangoni.

Nikashuka. Binti yangu akasema, "Mama, kaa, nitamwambia mimi." Nikampita. Nikasimama nyuma ya mkwe wangu, karibu kuliko nilivyowahi kusimama.

"Baba," nikamwita. "Ulichofunga ni kibovu. Kipya hiki hapa. Kina mpira mwekundu, kile kina mweusi. Kitoe utazame."

Akashtuka kana kwamba injini ndiyo iliyosema. Hakugeuka. Kwa adabu ile waliyomfundisha kwao alibaki ameikodolea injini, akaleta mkono nyuma, kiganja wazi, akipapasa hewani. Nikakiweka kidude kiganjani. Binti yangu alijiziba mdomo kwa mtandio. Mtani akaenda kutazama majani ya barabarani, mzee ambaye hata msibani hajawahi kukosa neno.

Injini ilikuwa ya moto, mkwe akaungua vidole viwili. Hakulalamika. Akakitoa kile cha zamani, akavilinganisha shingo kwa shingo. Halafu akaiambia injini, kwa sauti ya chini, "Mama yuko sahihi." Akafunga. Kwa vidole vile kazi ikamchukua zaidi ya saa nzima. Gari likawaka likiwa bado na moto wake, likapanda mlima wote bila kukohoa.

Tulifika watu wanavaa viatu. Dua imeshasomwa, ubwabwa umeshaliwa, wanawake wanakwangua ukoko. Mama wa sokoni alikuwa ameshakaa mahali pangu, karibu na dada. Aliponiona akasogea, kidogo.

"Umekuja na basi?" dada akauliza.

"Na gari."

"Nilijua."

Huko nje nilimsikia mkwe akiwaeleza wazee, "Kosa ni langu, nilifunga kifaa kibovu." Alisema kweli, hakumtaja mtani wala mimi. Ningeweza kukaa kimya chini ya maneno yake, dada akamlaumu yeye. Lakini aliposema ni kosa lake nikaona haya, maana lilikuwa lake mpaka jana mchana tu. Nikamwinamia dada nikamwambia yote: sinia, ming'oko, kicheko cha bafuni, na kwamba nilijua nikanyamaza ili nimkomeshe mkwe.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani shemeji yako," akasema, "mara ya kwanza umemkosa kwa ujinga wa mkwe. Mara ya pili kwa wako."

"Ndiyo, dada."

"Na huyo mkwe hana digrii ya kunyamaza. Hiyo unayo wewe."

Mama wa sokoni akacheka.

"Basi hurudi," dada akasema. "Gari lishuke bila wewe. Utakaa humu na mimi mpaka eda iishe. Utapika, utaosha, na kila anayekuja kunipa pole utamweleza mwenyewe ulichelewa kwa nini."

Nikakaa. Ilibaki karibu miezi mitatu. Nimeieleza hadithi hii kwa kila aliyevuka kizingiti kile, na upepo wa Newala ulivyo baridi, nimeieleza nikitetemeka. Huenda kwa kuirudiarudia nimeikwaruza hapa na pale. Sina hakika kama gari lilizima kona ya tatu au ya nne. Na mtani anadai jogoo aliyemtaka hakuwa na sharti la kuwika. Mliokuwapo, na mliosimuliwa na dada, niambieni nilipokosea nirekebishe. Kwenye alilosema dada tu, hapo msihangaike, nalikumbuka neno kwa neno.