Tufaha Moja kwa Kila Kishada

Harufu ya matufaha yaliyovunda kwenye ndoo ya maji bado hunirudisha Nyanungu, kwa bibi mzaa baba. Alikuwa na miti mitatu nyuma ya zizi, miche iliyotoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na misimu miwili mfululizo karibu kila tunda tulilopasua lilikuwa na funza. Babu alikuwa amesema wazi: wakiingia tena mwaka huu, anakata miti yote apande mahindi. Ndiyo maana likizo ile bibi aliniamsha kila asubuhi kabla ng'ombe hawajatoka. Tuliokota matunda yaliyoanguka, tukayazamisha siku kadhaa ili funza wafe, ndipo tukayafukia katika shimo la kufika gotini. Matawi aliyapunguza mpaka jua likagusa udongo.

Mimi nilipewa mti wa mwisho. Matunda yalipofikia ukubwa wa gololi, nilitakiwa kuacha moja tu kwa kila kishada. "Yakigusana, mdudu hujificha katikati akatoboa," bibi alisema. Nikapanda, nikaduwaa. Hili lina shavu jekundu. Lile limekaa vizuri. Na hili dogo, kosa lake nini? Njia mbili zilimshinda fisi, nami nilikuwa na tatu kwenye kila kishada. Jioni nikashuka sijachuma hata moja, na bibi aliponiuliza, nikasema nimemaliza.

Likizo iliyofuata, siku ya kuvuna, babu alikuja na panga. Akapasua tunda la mti wa kwanza: safi. La mti wa pili: safi. Langu likatoa funza, na lililofuata, na lililofuata.

"Mke mwenzangu," bibi aliniambia taratibu, "mti huu uliumaliza kweli?"

Nililia kabla ya kujibu. Babu akamgeukia bibi. "Huyu mke wangu mdogo anaonea huruma hata tunda. Siku ya kuchinja kuku tutakula nini?" Kisha akaukata mti wangu, huo mmoja tu, akafuta panga na kuondoka.

Sasa nina shahada, na barua moja ya kuomba kazi naiandika upya mara saba. Babu hayupo tena. Palipokuwa na mti wangu pana mistari mitatu ya mahindi. Ile miwili bado inazaa, nami ndiye ninayeipunguza matunda, huku bibi, ambaye macho yake hayaoni tena kitu kidogo kama gololi, akikaa chini kwenye kigoda na kusikiliza ndoo ninayodondoshea matunda. Ikinyamaza sana, huita:

"Mke mwenzangu, unayasalimia?"

Nafumba macho, nachuma. Ndoo inalia, naye anacheka.