Msumari wa Mikate kwenye Lango la Godelieve

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Godelieve kilikuwa kisu chake. Nilikuwa mdogo kiasi kwamba kidevu changu kiliishia kwenye ukingo wa meza yake ya jikoni. Aliukumbatia mkate kifuani, akaugeuza, na kwa ncha ya kisu akachora msalaba upande wa chini. Kisha akaanza kukata, kisu kikimjia mwenyewe, nami nikafumba macho kwa hofu. Siku hizi hununua mkate uliokwisha kukatwa dukani, lakini msalaba hajauacha. Huuchora kwa kidole juu ya mfuko wa plastiki.

"Wa nini msalaba huo, Shangazi?" niliwahi kumuuliza.

"Ili mkate ujue umefika kwa watu," akajibu, akanipa kipande cha pembeni.

Mtaa mzima tulimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu. Yeye na mumewe, Achiel, hawakujaliwa watoto. Walikuwa na kuku.

Nyumba za mtaa wetu, nje kidogo ya mji wa Diksmuide huku Ubelgiji, zimeshikana kuta, na nyuma ya kila nyumba kuna bustani nyembamba inayoteremka hadi kwenye mtaro. Kando ya mtaro kuna njia ya miguu. Kwenye nguzo ya lango lake Achiel alipigilia msumari mkubwa, na katika msumari huo sote tulitundika mifuko ya mkate mkavu. Hakuna aliyethubutu kutupa mkate kwenye pipa la taka. Shangazi aliuloweka katika maji ya moto, akaumwagia kuku, na jioni mfuko ulirudi msumarini ukiwa na mayai mawili matatu. Nilipokuwa Ghent chuoni, kila nilipoukumbuka mtaa wetu niliona kwanza mifuko ile ikipepea, na wanawake wawili watatu wamesimama langoni, kila mmoja akisema anakwenda zake na hakuna anayekwenda.

Kuku wenyewe walikuwa wa aina ya Mechelen, wazito, wa madoadoa ya kijivu, wenye manyoya hadi miguuni kama waliovaa soksi. Achiel alirithi mbegu hiyo kwa baba yake na hakuichanganya kamwe. Kila jogoo alimwita Meya. "Anapiga kelele asubuhi, halafu siku nzima hafanyi kitu," alieleza.

Achiel alifariki majira mawili ya baridi yaliyopita. Mwaka huu, wiki moja baada ya Pasaka, Meya wa mwisho naye akakutwa ameanguka chini ya kijiti chake cha kulalia, amekufa kwa uzee. Siku hizohizo kuku aitwaye Zulma alianza kuatamia. Shangazi akakusanya mayai ya siku za mwisho za Meya, akachora kila moja msalaba mdogo wa penseli ili yasichanganyike na mapya, akayaweka chini ya Zulma. Mayai mengine ya damu ile hayatapatikana tena.

Nilirudi nyumbani na shahada yangu wiki hiyo, na nilipokwenda kumsalimu nilimkuta amepiga magoti bandani. Mkononi alikuwa na ganda tupu. Nusu ya msalaba ilikuwa bado juu yake.

"Panya," alisema. "Amelitoa chini yake, Hanne. Chini ya tumbo la Zulma!"

Akamwita Omer, mdogo wake Achiel, mstaafu mwenye mitego ya kila aina na mdomo usiojua kupumzika. Omer aliinama mbele ya shimo kando ya banda, akaokota kinyesi cheusi, akakitazama kwenye mwanga.

"Shemeji," alisema, "hapa hufugi kuku. Hapa unafuga panya, na kuku umewaalika tu chakula cha mchana."

"Nyamaza, Omer. Hao wametoka mtaroni. Miaka yote wapo mtaroni."

"Wapo, ndiyo. Lakini mtaroni hakuna mkate wa zabibu."

"Umekuja kutega au kuhubiri? Padri tunaye."

"Na yeye anakuletea mkate."

"Basi ni mwema kuliko wewe. Wewe hujaniletea hata ganda la mkate."

Omer alicheka hadi akakohoa. Akauliza kuhusu sumu, na Shangazi akakataa kwa kichwa: panya akila sumu, bundi anayemla naye hufa, na bundi alikuwa rafiki wa Achiel. Basi Omer akatega mitego akaipaka krimu ya chokoleti, ileile tunayopaka kwenye mkate asubuhi. Alitaka pia Zulma ahamishiwe chumba cha kufulia.

"Ukimhamisha ataacha mayai," Shangazi alisema. "Utayalalia wewe?"

"Kwa uzito wangu tutakula mayai ya kuvuruga, shemeji."

Siku zikapita. Mitego ilikaa vilevile, chokoleti ikakauka. Asubuhi Shangazi aliita "Tiet, tiet, tiet!" kama zamani, akamwaga ndoo ya mkate, na kuku watatu wakadonoa wakashiba, mwingine ukabaki umetapakaa hadi kesho yake. Zamani kuku walikuwa wengi na mkate haukubaki. Sasa kuku walipungua, lakini mifuko haikupungua. Nililiona hilo, na nadhani naye aliliona. Lakini kila mfuko ulikuwa na mtu wake aliyesimama langoni kuuliza hali. Likapotea yai jingine. Kisha jingine.

Zulma hutoka kiotani mara moja kwa siku, kula, kunywa na kuoga vumbi. Mchana mmoja, alipotoka tu, Omer aliingiza mtaimbo chini ya ubao ulio kando ya kiota, akauinua.

Panya mmoja alichomoka akapita kati ya miguu yangu. Nilipiga kelele, nakiri. Lakini Shangazi hakumtazama panya. Alitazama chini ya ubao. Mlikuwa mmejaa mkate, umepangwa na kushindiliwa hadi karibu na mayai. Niliutambua mkate wa zabibu wa nyumbani kwetu. Niliutambua mkate mweusi wa padri, na ncha za mkate mweupe wa mwokaji wa kona.

Nilimngoja Omer aseme neno lake. Alivua kofia tu.

"Mtaa mzima umo humu," Shangazi alisema taratibu.

Zulma alikuwa tayari anarudi, ametuna kwa hasira. Tukautoa mkate harakaharaka, Omer akatandika wavu wa waya chini ya kiota na kuukunja pande zote, tukarudisha ubao, na Zulma akayakalia mayai yaliyobaki huku akitutukana kwa lugha yake.

Shangazi akachukua koleo, akaenda langoni. Msumari ulikuwa umeshika kutu na haukutaka kutoka. Omer alinyoosha mkono amsaidie.

"Acha," alisema. "Aliupigilia mume wangu. Nitaung'oa mimi."

Ulipotoka aliutia mfukoni mwa aproni. Ndipo akaniuliza, bila kunitazama, "Sasa watapita kwa sababu gani, Hanne?"

Mimi niliyesoma miaka yote hiyo nikachukua koleo, nikalifuta kutu.

Tangu siku hiyo kuku wanapewa nafaka asubuhi katika hori dogo, na baada ya chakula cha mchana hori linaingia jikoni. Waliotundika mifuko kwenye kitasa cha lango walirudishiwa. "Loweka kwa maziwa, utie mayai na zabibu, uoke pudini," aliwaambia. "Mama yako alikuwa anajua, muulize." Wengine walicheka. Mmoja alinuna, akasema mkate wake tangu lini umekuwa mbaya.

Panya wakaona njaa, na chokoleti ya Omer ikaanza kunukia. Kila asubuhi alipita na ndoo yenye kifuniko. "Wageni wako wanaaga, shemeji," alisema. Shangazi alikuwa ameziba mashimo kwa magazeti yaliyokunjwa. Leo asubuhi magazeti yako vilevile, hayajaguswa hata kwa jino: hakuna panya aliyepita.

Lakini kwa siku kadhaa baada ya msumari kung'olewa njia ya mtaroni ilikuwa kimya. Nilimwona Shangazi akifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Halafu Jumatano mama yangu alitoka nyumbani mikono mitupu, akasimama langoni kwa aibu, kama mtu aliyesahau kuvaa viatu.

"Sina kitu," alisema. "Nimekuja kuuliza tu habari za vifaranga. Bado?"

"Bado," Shangazi akajibu. Wakazungumza hadi sufuria yetu ikaungua.

Kesho yake alikuja mwokaji, kisha padri, kisha hata yule aliyenuna. Wote na swali lilelile. "Mtaa mzima una mimba," Omer anasema, ingawa yeye ndiye anayepita mara nyingi kuliko wote.

Leo ni Jumamosi, na wiki tatu za Zulma zinatimia. Mayai yamebaki matano. Ninaandika haya kwenye meza ileile ya jikoni, mlango wa bustani ukiwa wazi. Shangazi yuko bandani. Ametia mkono chini ya Zulma, amedonolewa, ametoa yai moja na kuliweka sikioni.

"Njoo usikie," ananiita. "Ni kama ukucha unakwaruza mlango."

"Huo ni moyo wako, shemeji," anasema Omer.

"Funga mdomo, nisikilize. Na uombe mmoja wao awe Meya."

Kwenye njia ya mtaroni nasikia viatu vya mtu, havina haraka, vinasimama langoni.

"Bado?"

"Bado!" Shangazi anajibu, yai likiwa bado sikioni. "Ingia, ingia tu. Lango halijafungwa."