Chuo Kisicho na Viti vya Nyuma

Huguette alikuwa na vyuo viwili vya kuchagua, na vyote viwili vilimtia hofu, ila hofu ya kimoja alikwisha kuizoea.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa, katikati ya mji wa Durban, chenye ukumbi wa kumeza watu mia tatu. Kilikuwa kimemkubali tayari na kumhesabia miaka yake miwili ya historia aliyosoma Bukavu, Congo, kabla ya kukimbia. Angekaa nyuma kabisa, aandike, atoke, na asingeulizwa hata jina. Cha pili kilikuwa kichuo tu, kule Queensburgh, pembezoni mwa mji, katika nyumba ya matofali mekundu iliyowahi kuwa ya masista. Humo mwanafunzi alisoma historia, hesabu, falsafa na uchoraji kwa pamoja, darasa zima likizunguka meza moja, na kila mtu aliulizwa: wewe unasemaje? Nao wasingempokea anayehamia kutoka chuo kingine mpaka kwanza aje akae mezani siku moja.

Kusema! Hicho ndicho kilichomtisha.

Aliishi mtaa wa Berea kwa mama yake mdogo, Antoinette, msusi wa nywele mwenye mikono miepesi na moyo wa hofu. Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja tu. Mwaka 2008 mumewe Antoinette, tonton Séverin, alipokea simu ndani ya taxi, zile daladala za Durban, akaongea Kiswahili, kama mtu anayeongea na nduguye. Abiria walimshusha wakampiga kwa kuwa ni mgeni. Mkono wake wa kulia haujanyooka mpaka leo. Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Kwa Séverin uliponza mkono, na kichwa kikapona kwa bahati. Tangu siku hiyo, njiani hakuna kusema. Unalipa, unanyamaza, unashuka. Ukifika unabipu mara moja na kukata, na aliyebaki nyumbani anajua kwamba u mzima.

Sasa ulikuwa Aprili 2015, na hofu ilikuwa imerudi na mizigo yake yote. Maduka ya wageni yalikuwa yamechomwa, na majirani waliokuwa na nyumba wiki iliyopita walilala kwenye mahema uwanjani. Akufukuzaye hakwambii toka, husemwa. Durban mwezi ule waliambiwa toka, tena kwa kupigiwa kelele.

"Acha ile masomo ya kuongea-ongea," Antoinette alimwambia. "Enda kule kukubwa. Unakaa nyuma, unapata diplôme yako, njo basi."

"Ma tante, mu Bukavu nilikuwa nauliza mbele ya bote. Professeur alikuwa ananiita radio."

"Radio inazimwaka, mwana yangu. Batu pia."

Huguette hakulala vizuri, lakini asubuhi alikwenda Queensburgh. Hakwenda kwa ushujaa, tusimpambe. Alikwenda kwa sababu alikuwa amechoka kuwa bubu, na pia kwa sababu alijiona amejiandaa. Chuo kilikuwa kimemtumia ukurasa mmoja wa kusoma kabla: mwandishi fulani alidai kwamba mgeni mwenye busara hulipa kodi, hufunga mdomo, na kwa hiyo huishi kwa amani. Huguette aliukariri wote. Kule alikosomea maswali yaliruhusiwa, lakini jibu lilikuwa la mwalimu: yeye husoma kwa sauti, wanafunzi wanaandika, na siku ya mtihani wanamrudishia maneno yake bila kupunguza hata nukta. Kwao, hiyo ndiyo maana ya kujua. Basi usiku uliotangulia alijifungia bafuni akaumeza ule ukurasa mpaka Séverin akagonga mlango kwa haja zake.

Mwalimu, Bi Pillay, mama wa Kihindi mwenye miwani shingoni, alipoingia darasani, Huguette alisimama wima. Ni yeye peke yake aliyesimama, akaketi upesi. Wengine waliendelea kunywa chai.

"Karibu," alisema Bi Pillay kwa Kiingereza. "Tuambie, umeona nini katika ukurasa ule?"

Huguette alisimama tena, akaweka mikono nyuma, akautoa wote kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Walimtazama kama wanaomsubiri aanze.

"Asante," alisema Bi Pillay taratibu. "Hayo ni ya mwandishi. Ya kwako yako wapi?"

Huguette aliketi, akaukodolea macho ukurasa ule ule. Ndipo msichana aliyekaa mkabala naye, Thandeka, mwenyeji wa Umlazi papo hapo Durban, akamuuliza, "Kwani unatoka wapi?"

Swali lile, mwezi ule! Huguette aliutazama mlango. Alikumbuka viti vya nyuma vya ule ukumbi mkubwa, akavitamani kama mgonjwa anavyotamani kitanda. Alitaka kusema uongo. Lakini maneno aliyoyakariri bado yalikuwa mdomoni mwake, na kwa mara ya kwanza aliyasikia yanavyosema. Yakamkera.

"Ametudanganya," alisema.

"Nani?"

"Mwandishi. Eti anayenyamaza anaishi kwa amani. Mimi natoka Congo. Nimenyamaza tangu nifike. Sijaona hiyo amani. Hata sasa nawaogopa ninyi."

Thandeka hakutabasamu.

"Sikubaliani nawe," alisema.

Huguette alidhani hakusikia vizuri.

"Kuhusu mwandishi ni kweli. Lakini wadhani ni wewe tu unayeogopa? Mtu akikaa kimya karibu yangu, na mimi namwogopa. Nitajuaje anafikiri nini?"

"Angekwambia, ungemfanya nini?" Huguette alimuuliza.

Wakabishana. Wakabishana mpaka chai ikapoa na wengine wakaingilia, na muda wote ule Huguette aliendelea kuutupia jicho mlango. Alipotoka, Bi Pillay alimwambia kwamba nafasi ni yake na miaka yake miwili itahesabiwa; alete jibu kesho. Huguette alijibu kwamba atamuuliza kwanza mama yake mdogo. Moyoni alikuwa ameshaanza kurudi kwenye viti vya nyuma. Meza moja ameiweza, lakini kila siku?

Kituoni watu walikuwa wamepanga foleni wakingoja taxi za kwenda mjini. Thandeka alisimama nyuma ya Huguette. Mbele yake mwanamume alikuwa amekunja gazeti, na picha ya duka linalowaka moto ilionekana nje. Huguette aliinamisha macho kama alivyozoea, na hapo ndipo simu ilipolia.

Alikuwa hajabipu! Tangu asubuhi, kwa kubishana, alisahau. Nayo simu haikulia mara moja ikakatika, ililia ikaendelea kulia. Antoinette, aliyeitunga sheria, alikuwa anaivunja. Alidhani binti amekwisha kufa.

Mwenye gazeti aligeuka. Huguette akapokea.

"Ma tante." Alilisema kwa sauti, maana kwa kunong'ona asingesikika. "Niko muzima."

"Huguette! Uko mu njia? Batu biko? Kata!"

"Biko, ma tante. Banasikia." Machozi yalimtoka mbele ya watu. "Nilisahau kubipu. Nilikuwa naongea. Ma tante, nachagua huku."

Mwenye gazeti hakugeuka tena mbele. Thandeka alisogea mpaka bega lake likagusa la Huguette, akabaki hapo.

Huguette alimsikia mama yake mdogo akivuta pumzi simuni.

"Usikate sasa," alisema Antoinette, naye akilia. "Sema tu, mwana yangu. Sema mpaka ufike."