Kovu la Shavu la Kushoto

Majalada ya santuri niliyoyatengeneza baadaye mengi nimeyasahau. La kwanza ningependa kulisahau, lakini halikubali.

Katika miaka ile ya sitini, santuri zilifika Homa Bay ndani ya karatasi tupu ya kaki, kama maandazi. Mimi nilikuwa kijana wa kuandika mabango ya maduka, shule nimeiachia njiani, na niliamini kabisa kwamba siku moja watu wa Nairobi wangenunua santuri kwa sababu ya picha yangu tu. Basi rafiki yangu wa Rangwe, mpiga gita, aliporekodi wimbo wake wa kwanza, mwenye duka la santuri akaniita. Alikuwa mzee Mwislamu aliyetoka Mombasa.

"Kijana, hizi karatasi zitie sura. Na zote zifanane."

Kuchora moja moja kungenimaliza. Nikatafuta soli pana ya mpira, nichonge kitu kama muhuri mkubwa, niupake wino na kugonga. Rafiki yangu alinikalia jioni tatu, gita mapajani, akilalamika shingo. Hakuwa amewahi kupigwa picha. Studio ilikuwa Kisii, na kila alipopata nauli iliishia kwenye nyuzi za gita.

"Omera, ndugu yangu, usinifanye mzuri sana," akasema. "Wasichana wa Kosele watakuja kunitafuta, wakinipata warudi wamekasirika."

Herufi za jina la wimbo nilikumbuka kuzichonga kinyume, ili zikigongwa zisomeke sawa. Nikajiona fundi kwelikweli. Yeye mwenyewe nikamchonga vilevile nilivyomwona. Nilipogonga karatasi ya kwanza, akatokea anapiga gita kwa shoto, na kovu la shavuni limehamia upande wa pili.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa mama ataniuliza nilianza lini kula kwa mkono huo."

"Nitachonga jingine."

"Haraka ya nini? Hizi za kwanza ziende hivyo hivyo."

Zikaenda. Mimi nikaenda Migori kupaka rangi ukuta wa hoteli, nikakaa wiki mbili, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nikipanga jalada letu la pili. Mwenye duka alinipokea mlangoni.

"Rafiki yako amekwenda, kijana. Homa, siku nne tu. Wamekwisha mzika. Mama yake anaulizia picha."

Nilifika Rangwe na jalada moja nimelikunjia ndani ya shati. Mama yake alilipokea kwa mikono miwili, akaliangalia sana.

"Nyathina," akasema. Mwanangu: ndivyo alivyokuwa akituita sisi wote wawili. "Huyu si yeye. Kovu lile ni la uji, na ni mimi niliyemmwagia. Ni shavu la kushoto."

Nikamweleza kosa langu. Nikamwambia nitachonga jingine siku hiyo hiyo.

"Utamchonga nani? Aliyekukalia hayupo."

 

Karatasi ilikuwa nyembamba, na wino nilikuwa nimeutia mwingi kwa kutaka uwake. Mama akaachanisha gundi ya jalada kwa kucha, akaitoa ile karatasi ya mbele, akaigeuza na kuiinua mlangoni penye jua. Wino ulikuwa umepenya. Kwa nyuma, hafifu hafifu, gita lilikuwa limerudi kwenye mkono wake wa kulia na kovu liko mahali pake.

"Lakini maandishi sasa yamegeuka, mama," nikasema.

"Mimi sisomi."

Akachota uji mzito uliobaki chunguni, ndiyo gundi iliyokuwepo, ili aibandike karatasi ukutani na ule upande wa nyuma ukitazama nyumba. Alipaka pembe nne tu. Usoni pa mwanawe hakugusa.