Fundi Mitambo wa Kipindi cha Mjadala

Kila Jumatano nakwenda redioni kubishana na wasomi wenzangu kuhusu historia, na kila Jumatano fundi mitambo huingia kuipangusa maikrofoni yangu kwa kitambaa, maana nikinogewa narusha mate. Ni mama wa makamo mwenye vidole vyembamba na sauti ya chini. Huketi nyuma ya kioo, na nikianza kufoka hunishusha sauti taratibu kama anayemfunika mtoto shuka. Miaka sita hatujavuka salamu: "Mwalimu." "Mama."

Juzi tulijadili ule mgomo wa zamani wa reli. Nikatamba kwamba wanawake walibaki majumbani wakiwapikia wagomaji. Nimeuandikia kitabu mgomo huo, nani aniulize? Muziki ulipowekwa, akaingia na kitambaa chake.

"Mwalimu, bibi yangu hakubaki nyumbani. Walilala relini, wanawake kumi na wanane. Treni haikusimama. Ilimkata mguu."

"Mbona sijalikuta hilo kwenye nyaraka?"

"Uliwahi kwenda kumuuliza? Hadi anakufa alikuwa akiishi nyuma ya chuo chenu."

Aliyasema hayo bila hasira, huku akipangusa, kisha akarudi kwenye mitambo yake. Taa nyekundu ikawaka, tukawa hewani.

"Wasikilizaji," nikasema, "nilikosea."

Mwendesha kipindi, ambaye hakuwa amewahi kunisikia nikilitamka neno hilo, akanisogezea glasi ya maji akidhani naumwa.